Ukisikia jina tamu, kaa chonjo!

Wiki hii nina swali la kizushi, na ukinipatia jibu nitakununulia soda hapo stendi, tena ya baridi, hata kama Songea yenyewe kwa sasa ni baridi ya kutosha. Swali lenyewe ni hili: ni nani aliyekaa chini akaamua kwamba kupakia watu watatu kwenye pikipiki moja, na dereva wa nne, bila kofia hata moja, kuitwe "mishikaki"?

Mishikaki, jamani! Kitu kinachonukia kwa mbali jioni, chenye pilipili na ndimu, ambacho mtu yuko tayari kujinyima nauli ili akile. Ukifika kwenye sherehe ukasema "tumekuja mishikaki toka Lizaboni," watu wanacheka na kukukaribisha kiti. Hakuna anayeshtuka. Mshikaki wenyewe ukiufikiria vizuri, nyama ikishachomekwa kwenye kijiti kinachofuata ni moto, lakini nani ana muda wa kufikiria? Jina limeshakuwa tamu.

Pikipiki zenyewe hapa kwetu tukazipa jina la yeboyebo. Wenzetu wa mikoa mingine wanasema bodaboda, sisi yeboyebo, kama vile viatu vya plastiki vya bei poa ambavyo kila mtoto wa mtaani alivivaa. Sasa kiatu cha plastiki kitamdhuru nani? Unapanda tu. Unatoa buku yako, nywele zinapepea, na simu iko mkononi.

Mimi ni mtoto wa hapa hapa, nimezaliwa Mfaranyaki, nimesoma hapa, kidato cha nne nimemaliza na cheti kiko kabatini kinaliwa na mende. Sijasomea udaktari wala mambo ya barabara. Lakini maneno nayajua, maana ndiyo yanayonilisha, zile wiki ambazo mhariri anakumbuka kulipa. Na kwa muda sasa nimekuwa nikijiuliza kwa nini mabango yote yale ya "mwendo kasi unaua" tunapita chini yake kama tunapita chini ya mwembe, halafu kuna kampeni moja ya miaka ile ambayo ilimkimbiza mtu mzima na gari lake mbele ya macho yangu. Tofauti ni nini?

Wenye umri wangu mtaikumbuka. Ilikuwa mwaka 2008 ilipoanza kusikika redioni ile michezo mifupi mifupi. Kuna jamaa mtu mzima, ana sauti ya kujipendekeza, ana vijisenti, na kila siku anamtega msichana mdogo, kwa maneno matamu na ahadi kibao. Anakaribia kabisa kumpata, halafu anatokea mtu wa kawaida tu, jirani au mhudumu, anaingilia kati na kumuumbua. Jamaa anabaki mikono mitupu. Jina lake Fataki. Kila mchezo alikuwa anashindwa, na ndiyo maana tulikuwa tunakaa karibu na redio kumsubiri ashindwe tena.

Ile ilikuwa kampeni ya kupambana na UKIMWI. Waliokuwa nyuma yake ni wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani pamoja na watu wetu wa hapa Bongo. Ukiipeleleza utaona ilikuwa ya ajabu kidogo. Mabango tuliyoyazoea yalikuwa yanamfokea msichana: jihadhari, jitunze, sema hapana. Au yanamfokea mwanamume: acha tamaa. Hii ilimwacha msichana, ikamwacha hata huyo mwanamume, ikamgeukia mtu wa tatu. Yule anayeona kila kitu halafu ananyamaza. Yaani mimi na wewe.

Ngoja nikwambie ilivyokuwa kwetu.

Dada yangu mkubwa alikuwa kidato cha pili, mwaka 2009. Mimi nilikuwa darasa la nne, kazi yangu ni kumfuata nyuma kama mkia. Kwenye njia ya kutoka shule kulikuwa na kona yenye mti, na chini ya mti kulikuwa na fundi viatu na mama mmoja wa maandazi. Sasa ikaanza kuegeshwa gari pale. Saluni nyeupe, safi, vioo vinapanda na kushuka vyenyewe. Ndani yake baba mmoja mwenye heshima zake, ambaye ukikutana naye kanisani au msikitini unampisha. Wiki ya kwanza alikuwa anasalimia tu. Wiki ya pili akampa dada hela ya daftari. Wiki ya tatu mlango wa mbele ulikuwa unafunguliwa kabisa, "njooni niwasogeze."

Kila mtu aliona. Fundi viatu aliona, mama wa maandazi aliona, sisi watoto tuliona. Lakini ungesema nini? Hebu jiweke pale, msomaji. Unamwendea mtu wa rika la baba yako unamwambia, "Mzee, unamtaka binti wa watu"? Kwanza umemkosea adabu, huku kwetu mtu mzima haambiwi hivyo na aliye chini yake. Pili huna ushahidi, yeye anatoa lifti tu. Tatu kesho utaambiwa una wivu, au unamtaka wewe. Basi watu wote wakaendelea na kazi zao, sindano ndani ya kiatu, maandazi ndani ya mafuta, macho chini.

Halafu siku moja, dada ameshaweka mkono kwenye mlango, yule mama, tena bila hata kuinua uso toka kwenye karai lake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei: "Heee, Fataki huyo."

Fundi viatu akapasuka kucheka. Ikawa basi. Sisi watoto tulikuwa kama kumi na tano pale, tukadaka neno: Fataki! Fataki! Tukaanza kupiga makofi, tukazunguka gari. Kioo kikapanda chenyewe. Gari likarudi nyuma kwa fujo likakaribia kumgonga mbuzi wa watu, likaondoka. Pale kwenye kona halikuonekana tena.

Dada yangu usiku ule hakula. Alilia kwa aibu na hasira, akasema tumemdhalilisha mbele ya shule nzima, na kwa siku kadhaa hakunisemesha. Leo ni mwalimu, ana watoto wawili, na kila akija Songea lazima apite kwa yule mama kununua maandazi, hata kama ametoka kula. Hawajawahi kuzungumzia siku ile. Ananunua, anasalimia, anaondoka.

Umeona lile neno lilivyofanya kazi? Yule mama hakumshtaki mtu. Angebanwa angesema nilikuwa nautaja mchezo wa redioni, kwani kuna ubaya? Lilikuwa ni mzaha, na mzaha huku kwetu unapita mahali ambapo shutuma haipiti. Lilikuwa fupi, hata mtoto wa darasa la kwanza analiweza. Na lilikuwa na picha ndani yake: fataki ni ile baruti ya kuchezea siku za sikukuu, inametameta, watoto wanaikimbilia, halafu inalipuka mkononi. Ukishaitwa hivyo umeitwa hivyo, unga ukimwagika hauzoleki.

Na kabla ya hapo tulikuwa na neno gani? Shangazi yangu, ambaye ujana wake aliula miaka ya tisini, ananiambia enzi zao mwanamume wa namna hiyo aliitwa buzi. Na kazi ya msichana mjanja ilikuwa "kuchuna buzi". Hebu sikiliza jina hilo linavyodanganya. Ndani yake mwenye kisu ni msichana, na huyo baba wa watu ndiye anayechunwa, maskini. Nilimwuliza shangazi kama ni kweli walikuwa wanachuna. Akanyamaza, akachochea moto, halafu akasema: "Mwanangu, sisi tulidhani tunachuna. Lakini tulizika wachunaji wengi kuliko mabuzi."

Mtaa nao haujawahi kulala kwenye mambo ya kampeni, usidanganyike. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, watu wa kule walikuwa wameshaupa ugonjwa jina la Juliana, jina la kitambaa cha kupendeza kilichokuwa kinaletwa na wafanyabiashara toka Uganda. Kitambaa! Baadaye serikali ikaweka mabango, vijana wa mijini wakayajibu: herufi za Kizungu A-I-D-S wakazifumua wakasema maana yake ni "Acha Iniue, Dogodogo Siachi". Nani kati ya maofisa wa wizara angeweza kutunga kitu kinachokaa kichwani namna hiyo? Halafu likaja la "kukanyaga miwaya", kana kwamba mtu alikuwa anapita zake tu na waya wa umeme ukawa umelala njiani. Kila jina lilikuwa linapunguza uzito kidogo. Mtu alikuwa anakufa huku tunatabasamu.

Kwa hiyo vita ilikuwa ya majina, na wachache wenye kampeni waligundua hilo. Wa kwanza kuligundua vizuri nadhani ni wale wa "Twende na Wakati", mchezo wa Radio Tanzania ulioanza mwaka 1993. Mama yangu aliusikiliza toka mwanzo, akiwa msichana. Kulikuwa na dereva wa lori anaitwa Mkwaju, ana mke wake Tunu nyumbani, na kila kituo barabarani ana mwingine. Wewe fikiria mchezo huo ukisikilizwa hapa Songea, mji ambao malori ya mahindi yanaondoka kila siku kwenda Njombe, Makambako, mpaka Dar. Mama anasema mtaani kwao kulikuwa na dereva mmoja walimwita Mkwaju mpaka jina lake la ubatizo likapotea, hata mkewe akagombana naye akisema "we Mkwaju wewe". Mkwaju wa redioni mwishoni alikufa kwa UKIMWI. Watu waliusikiliza msiba wake kama msiba wa jirani.

Jambo moja la pembeni linalonichekesha: waliotengeneza mchezo ule walitaka kujua kama kweli unabadilisha watu, kwa hiyo miaka ya mwanzo, mpaka 1995, matangazo hayakurushwa Dodoma, ili walinganishe. Watu wa Dodoma, poleni sana. Mlikosa uhondo kwa ajili ya utafiti. Ila ulinganisho ulionyesha kwamba waliousikia walikuwa wanabadilika, wenye wapenzi wengi walipunguza na kondomu zilitumika zaidi.

Nikiendelea na majina, siwezi kumpita mtu wa nyumbani. Mrisho Mpoto, Mjomba mwenyewe, ni mtoto wa Songea. Mwaka 2017 Wizara ya Afya ilipoanzisha kampeni ya "Nyumba ni Choo" yeye ndiye aliyeibeba kwa sauti yake. Sasa sisi Waswahili neno choo hatulitaji hovyo. Tunasema msalani, tunasema uani, tunasema naenda kujisaidia, tunazunguka weee. Wao wakalichukua neno lile lile tunalolikwepa wakaliweka kwenye wimbo, wakaligeuza kipimo: unajisifia nyumba yako ya bati la msauzi, choo kiko wapi? Niliona wazee wakicheka kwa aibu kijiweni, na aibu ile ndiyo ilikuwa inatakiwa. Kilichoniacha hoi ni kwamba Mjomba mwenyewe hutembea peku, kila siku miguu chini, na kitu kimojawapo choo bora kinachokukinga nacho ni safura, ambayo huingilia nyayoni. Lakini nani atamwambia Mjomba avae viatu? Mimi simo.

Bibi yangu hakushangazwa hata kidogo na kampeni ile. Yeye alikuwa msichana mwaka 1973 wakati wa "Mtu ni Afya", ile ya Mwalimu, ambapo watu kama milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakajadili, halafu wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yanayoficha mbu. Anasema kwao kijijini redio ilikuwa moja, ya mwenyekiti, na ilikuwa inavalishwa kitambaa kama bibi harusi. Choo alichochimba marehemu babu mwaka ule kilidumu mpaka mvua zilipokibomoa miaka mingi baadaye. Jina nalo lilikuwa zuri: halikusema usafi ni afya, lilisema mtu ndiye afya. Serikali imelirudisha jina hilo mwaka 2024. Bibi alipolisikia redioni akasema, "Wamelikumbuka leo?"

Na kwa kuwa niko Songea siwezi kuongea habari za maneno yanayosafiri bila kuikumbuka ile ya 1905. Hakukuwa na redio wala simu, lakini neno moja lilitoka vilima vya Wamatumbi, likanong'onwa mtu kwa mtu mpaka likafika Ungoni: maji. Risasi za Mjerumani zitageuka maji. Neno la kawaida kabisa, la mtungini. Siwacheki babu zetu, Mungu aniepushe. Walikuwa na sababu ya kupigana na walipigana kiume, na kila Februari tunakwenda makumbusho kuwakumbuka walionyongwa hapa tarehe 27 Februari 1906. Nasema tu kwamba neno likiwa fupi na la kufariji linakimbia kuliko farasi, na halisubiri mtu alipime.

Sasa turudi kwenye yeboyebo, maana huko ndiko roho yangu iliko.

Mwaka 2019 tulimzika mwenzetu tuliyemaliza naye kidato cha nne. Walikuwa wanatoka kwenye sherehe Msamala, usiku, mishikaki, yeye yuko katikati. Mbele kulikuwa na lori lililoharibika, na wenye lori walikuwa wameweka matawi ya miti barabarani, ndiyo taa yetu ya tahadhari hiyo. Dereva wa pikipiki hakuyaona. Wawili walipona na mpaka leo mmoja anachechemea. Hakuna aliyekuwa na kofia. Kwenye msiba watu walikaa kwenye mikeka wakasema kama ilivyo desturi, "ajali haina kinga". Nililisikia neno hilo siku ile labda mara ishirini. Limeandikwa kwenye vifua vya malori, linatamkwa na wachungaji, linatamkwa na trafiki. Hii nayo ni kampeni, msomaji, tena imefanikiwa kuliko zote, isipokuwa haijulikani nani anailipia. Kinga ilikuwepo. Inavaliwa kichwani na inafungwa kidevuni.

Duniani kote barabara zinaua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, hesabu hiyo ni ya mwaka 2021, na kwa vijana wa kuanzia miaka mitano mpaka 29 ndiyo muuaji namba moja. Sisi ndio hao.

Wasichana wenzangu mtasema kofia inaharibu nywele, na ile ya abiria imevaliwa na vichwa hamsini leo, ina jasho na mba. Kweli kabisa. Kampala mwaka 2014 kulianza kampuni ya SafeBoda, kila dereva ana kofia ya pili ya abiria, na ndani yake abiria anavaa kwanza kakofia kepesi ka nywele. Kitu kidogo hivyo! Hakuna bango wala fuvu la kichwa, kuna mtu aliyekaa akaifikiria rasta ya mwanamke.

Na Kenya kuna hii nyingine. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika stika ndani ya matatu, zikiwaambia abiria: dereva akikimbiza, usikae kimya, msemeshe. Ili stika zisibanduliwe, kukawa na bahati nasibu ya kila wiki kwa madereva waliozitunza. Madai ya bima kutokana na ajali yakapungua kwa nusu na zaidi kwenye matatu zenye stika. Baadaye kampeni ikapanuliwa ikaitwa "Zusha!" Kwa Wakenya kuzusha ni kulianzisha, kupaza sauti. Kwetu mzushi ni mwongo, kwa hiyo jina hilo huku lisingefika hata Namanga. Lakini wazo ni lile lile la Fataki: usimhubirie mkosaji, mpe ruhusa anayetazama.

Nimesafiri sana Songea na Njombe kwa basi. Tukifika kona za Lukumburu na dereva anataka kupita lori kwenye mlima, basi zima linashika siti kwa mikono miwili na hakuna anayesema neno. Tutasema nini? Neno tulilonalo la dereva ni "suka", na suka anayekimbiza tunamwita fundi. Tukiwahi kufika tunamsifu. Hakuna kwenye Kiswahili chetu cha stendi jina la kumwaibisha dereva anayekimbiza, jina la mama wa maandazi kulitaja bila kuinua uso.

Fataki naye unajua alikoishia? Jina lilikuwa la kuchekesha mno, na kicheko kina miguu miwili. Baada ya miaka michache nilianza kusikia wanaume wazima baa wakijisifu, "mimi ndiye fataki mwenyewe". Redio ikanyamaza, na mtaa ukachukua nafasi. Likaja sponsa, mfadhili, kama vile anajenga zahanati. Likaja mubaba. Sasa ni danga, na kazi yenyewe ni kudanga, na mtoto wa miaka kumi na sita anakwambia bila aibu "nina danga langu". Tumerudi kwenye buzi, tumebadilisha mnyama tu. Sheria ipo, tena kali, toka mwaka 2016 anayempa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela. Lakini sheria inafika baada ya tumbo kuonekana. Yule mama alifika mlango ukiwa bado uko wazi.

Halafu kuna kitu Fataki hakukiona. Yeye walimchora mtu mzima, mwenye kitambi, mwenye gari. Anayeegesha sasa hivi nje ya shule hana kitambi wala gari. Ana miaka 22, ana yeboyebo ya mkopo, muziki unapiga kwenye tangi, na anasema "panda, sitaki hela". Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 14, yuko kidato cha pili, na toka nyumbani mpaka shule ni mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu, jua au mvua. Wakipanda watatu, mishikaki, bure, unapungua kuwa dakika kumi. Mara ya kwanza bure, ya pili bure, ya tatu wenzake wawili wanashushwa njiani. Na ukimwita yule kijana fataki watoto wanakushangaa. Fataki ni mzee. Huyu ni kaka tu.

Nilimweleza mdogo wangu habari zote hizi, za dada na gari jeupe. Alinisikiliza huku anasuka, akaniuliza swali moja tu: "Sasa huyo mama alijuaje aseme lile neno?" Nikamwambia redio ndiyo ilimpa. Akasema, "Sisi redio hatusikilizi."

Basi sikuongeza kitu. Kama wiki tatu baadaye nilikuwa nimesimama bombani kwetu nasubiri zamu, wasichana wa shule wakapita na madaftari yao. Kijana mmoja wa yeboyebo akapunguza mwendo, akaanza ile nyimbo yake, mrembo panda, sidai kitu. Mmoja wa wale wasichana, mwembamba, wala sijui ni mtoto wa nani, akamgeukia mwenzake akasema kwa sauti ya Biblia: "Huyo Msamaria huyo!" Kundi zima likaangua kicheko. "Msamaria mwema! Msamaria, tuna majeraha, tupeleke nyumba ya wageni!" Kina mama bombani wakaacha ndoo zao wakaangalia. Kijana akatabasamu kwa shida, akavuta moto, akaondoka, na wao wakaendelea kutembea kwa miguu, vumbi linawafuata.

Jioni nilimwuliza mdogo wangu neno lile limetoka wapi. Akasema hajui, wanasema hivyo tu shuleni, kwenye kipindi cha dini kuna mtu alicheka. Sijui kama anasema kweli. Kina mama wa bombani sasa hivi wanalitumia, tena wao wanaongeza na "aleluya". Juzi nililisikia Bombambili, nimekaa nakula chipsi, kutoka kwa muuza vocha ambaye simfahamu wala hamfahamu mdogo wangu. Kuna pikipiki ilikuwa imesimama ng'ambo ya barabara, kijana anaongea na binti mwenye sare, na yule muuza vocha akasema taratibu, macho yako kwenye vocha zake: "Msamaria huyo."